Mgeni Njoo, Lakini kwa Alama Ngapi?

Katika kazi yetu ya ualimu hakuna tendo tulitendalo mara nyingi zaidi, na kulitafakari mara chache zaidi, kuliko kutia alama. Tunakaa usiku, taa mezani, rundo la madaftari upande wa kushoto na kalamu nyekundu mkononi. Kufikia alfajiri rundo limehamia upande wa kulia, na watoto hamsini wamekwisha kupangwa, huyu juu, huyu chini. Asubuhi tunasoma majina darasani kwa sauti isiyotetereka, kana kwamba matokeo hayo tumeyapokea kutoka mbinguni. Lugha yenyewe inatuonya kidogo, maana neno alama halina maana moja tu. Alama ni namba ya mtihani. Alama ni ishara. Alama pia ni kovu libakialo mwilini baada ya kidonda kupona.

Fikira hizi zimetujia kwa sababu ya barua. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 tuliandikiwa na kijana tuliyemfundisha Kiswahili katika kidato cha kwanza na cha pili, mwaka 2006 na 2007, katika shule moja ya mashariki mwa Uganda. Siku hizi ni daktari. Alihitimu mwaka 2017, akafanya mwaka wake wa mafunzo ya kazi, na tangu hapo anatumika katika hospitali ya wilaya. Alianza kwa "Shikamoo Mwalimu", akaandika kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, jambo lililotufurahisha na kutuaibisha kwa pamoja, kwa sababu tutakayoieleza baadaye.

Habari zake zilikuwa hizi. Mwaka 2021 alifanya sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, akapata 203, na wakati huo aliyepata 194 alikuwa amefaulu. Mwishoni mwa 2022 akafanya sehemu ya pili, akapata 221. Mpaka wa kufaulu ulikuwa 214. Akapewa cheti chake. Kisha kwa misimu miwili akaomba nafasi ya mafunzo katika hospitali zaidi ya 80 kila msimu, akilipa ada kwa kila ombi. Mwaka wa kwanza hospitali moja ilimwita kwa mahojiano, nayo haikumchukua. Mwaka wa pili hakuitwa popote. "Mwalimu," aliandika, "wameniambia nimefaulu, na wameniambia sifai. Niliamini neno lipi?"

Swali hilo hatukuweza kulijibu siku ile, na ndilo tunalolileta mbele ya walimu wenzetu, kwa kuwa lahusu mitihani, na mitihani ndiyo mkate wetu.

Yafaa kwanza tueleze utaratibu wenyewe, maana wengi wetu tu mbali nao. Daktari aliyesomea nje ya Marekani na Kanada, hata akiwa bingwa wa miaka ishirini kwao, kwa kawaida haruhusiwi kutibu Marekani kabla ya kupita milango kadhaa. Iko tume iliyoanzishwa mwaka 1956, ijulikanayo kwa herufi ECFMG, ambayo huhakiki shahada yake, humtaka athibitishe kwamba anajua Kiingereza cha kazi, na humtaka afaulu sehemu mbili za mtihani uitwao USMLE. Mtihani huo ulianza mwaka 1992. Sehemu ya kwanza huuliza misingi ya sayansi ya mwili na maradhi, siku nzima ya saa 8. Ya pili huuliza utabibu wenyewe, saa 9. Zote mbili hufanywa kwenye kompyuta, mtahiniwa akichagua jibu moja kati ya majibu aliyopewa, na ada ya sehemu moja tu kwa mtu wa nje hupita dola 1,000. Zamani ilikuwapo pia sehemu iliyomkutanisha mtahiniwa na watu walioigiza ugonjwa, naye akawahoji na kuwapima. Hiyo ilisimamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na mwaka 2021 ikafutwa moja kwa moja. Wageni wengi walishukuru, kwa sababu ilibidi kusafiri hadi Marekani kuifanya. Lakini pamoja nayo uliondoka mtihani pekee uliomtazama daktari akizungumza na mtu.

Ukishafaulu, bado huna leseni. Sharti upate nafasi ya mafunzo ya hospitalini, ambayo wao huyaita residensi, ya miaka mitatu au zaidi. Nafasi hizo hugawanywa na mpango wa taifa ulioanza mwaka 1952, kwa herufi NRMP. Mwombaji huziorodhesha hospitali azitakazo kwa kadiri ya mapendeleo yake, hospitali nazo huwaorodhesha waombaji, na kompyuta huwaoanisha. Ni mpango uliofikiriwa sana. Alvin Roth, aliyeusanifu upya katika miaka ya 1990, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley. Majibu hutolewa Ijumaa ya tatu ya Machi. Mwaka 2024, kati ya kila wanafunzi 100 wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya Marekani vitoavyo shahada ya M.D., 93 walipata nafasi. Kati ya kila wageni 100 wasio raia wa Marekani, waliosomea nje, walipata 58. Na hesabu hiyo ni ya wale tu waliopeleka orodha. Asiyeitwa kwa mahojiano hana hospitali ya kuorodhesha, kwa hiyo hata miongoni mwa walioshindwa hahesabiwi. Kijana wetu, katika mwaka wake wa pili, hakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Tuseme kwa haki kwamba milango mingine imeanza kufunguliwa. Jimbo la Tennessee lilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwapa leseni ya muda madaktari wa nje waliokwisha kupata mafunzo kwao, na majimbo kadhaa yamefuata. Lakini njia iliyozoeleka ni ile ya residensi.

Sasa turudi kwenye swali. Wanafunzi wetu hutumia maneno kufaulu na kufuzu kana kwamba ni neno moja, nasi huwasahihisha mara chache. Lakini ukisikiliza matumizi ya watu utasikia tofauti. Mtu hufaulu mtihani. Mtu hufuzu kuingia mahali. Timu yaweza kufaulu kuushinda mchezo wake wa mwisho na isifuzu kuingia fainali, kwa kuwa wengine wameshinda kwa mabao mengi zaidi. Kufaulu ni shauri la mtu na kipimo. Kufuzu ni shauri la mtu na wenzake. Kwa maana hiyo twaweza kumjibu kijana kwamba hakuna aliyemdanganya: amefaulu, hakufuzu, basi.

Jibu hilo ni sahihi kwa sarufi, lakini halikututuliza. Mchezo una kanuni moja, na kila timu huijua kabla ya kuingia uwanjani. Hapa namba moja imepewa kazi mbili, na kazi hizo hazipatani.

Tusiwe wepesi wa kulaumu, hata hivyo. Msimamizi wa mafunzo katika hospitali ya Marekani aweza kuwa na nafasi kumi na maombi elfu kadhaa. Hawezi kuyasoma yote. Hata sisi hatuwezi kusoma insha elfu tatu kwa mwezi mmoja na kubaki waadilifu. Basi huiamuru kompyuta imfiche kila aliye chini ya alama fulani, na siku yake inakuwa fupi. Nyuma yake yuko mgonjwa, ambaye hakuombwa ruhusa na yeyote. Mgonjwa huyo ana haki ya kutotibiwa na mjinga, awe amelala Mulago au Chicago. Wala alama si upepo mtupu. Uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Pennsylvania, ukatangazwa mwaka 2014, uliwafuatilia madaktari waliosomea nje na kuona kwamba kadiri alama za sehemu ya pili zilivyopanda, ndivyo vifo vya wagonjwa wao vilivyopungua. Hatuwezi kulifumbia macho jambo hilo kwa sababu tu linamuumiza mtu tumpendaye.

Uko uchunguzi mwingine, wa mwaka 2017, uliochapishwa katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ. Wachunguzi waliwatazama wagonjwa wazee waliolazwa katika hospitali za Marekani. Kati ya kila 100 waliotibiwa na madaktari waliosomea nje, 11.2 walifariki katika siku 30. Kwa waliotibiwa na waliosomea Marekani walikuwa 11.6. Tofauti ni ndogo, lakini iko upande wa wageni. Tuliposoma habari hizi kwanza tulifurahi, tukadhani tumepata silaha. Kisha tukaona kwamba mtetezi wa chujio ataichukua silaha ile ile: mwaona, atasema, chujio letu kali ndilo lililotupatia wageni bora. Nasi tunamkubalia nusu. Waliopita ni wazuri. Lakini kuhusu waliobaki nje uchunguzi huo hausemi neno, kwa sababu hawakupewa wagonjwa. Mpunga uliopepetwa na kumwagwa hakuna aliyeupika kuonja.

Sasa twafika mahali ambapo, kwa maoni yetu, dhuluma yenyewe imelala. Kanuni za mtihani huo husema kwamba aliyeanguka ataruhusiwa kurudia. Tangu mwaka 2021 ruhusa ni mara nne kwa kila sehemu, zamani zilikuwa sita. Aliyefaulu haruhusiwi kurudia ili kuongeza alama. Kijana wetu hakuweza kusema, "Nipeni mwaka mmoja nisome, nirudi nipate 240." Kuanguka kwake kungemwachia mlango, japo wenye doa, kufaulu kwake kwa shida kumeufunga na kutupa ufunguo.

Mwalimu atashangaa: kanuni gani hii? Lakini ukiisikiliza kutoka upande wa watungaji, mjini Philadelphia, ina akili yake. Wao walitunga mtihani wa kujua kama mtu ameuvuka mpaka wa usalama. Ameuvuka, mna haja gani ya kumpima tena? Kwao 203 na 253 ni jibu moja, ndiyo. Tena wao wenyewe hukiri kwamba mtu yuleyule akipimwa siku nyingine namba yake yaweza kupanda au kushuka kwa nukta kadhaa. Wasimamizi wa hospitali nao wameichukua namba iliyotungwa kusema ndiyo au hapana, wakaitumia kama ngazi ya kupangia watu, kuanzia wa kwanza hadi wa elfu tatu. Kila mmoja ukimhoji peke yake ana hoja. Mtungaji hakumfungia mtu kazi; msimamizi hakumnyima mtu kurudia. Mwenye kuumia ni yule aliyesimama kati ya kanuni mbili, moja ikimwambia hana haja ya kuongeza alama, nyingine ikimwambia hazitoshi.

Tangu mwezi wa Januari mwaka 2022, kwa uamuzi wa watungaji, sehemu ya kwanza haitoi namba tena, hutoa neno tu: amefaulu au ameanguka. Tuliposikia tulisema, haki imekuja. Tulimwandikia hivyo kijana wetu. Naye akatusahihisha kwa upole, na maneno yake yalituonyesha jinsi tulivyokuwa tukiona upande mmoja. Mwanafunzi wa chuo chenye jina kubwa cha Marekani, alisema, hahitaji namba. Jina la chuo chake na barua za maprofesa wake, wanaojulikana na msimamizi, zinamsemea. Aliyetoka Gulu au Bujumbura hana wa kumsemea. Profesa wake ni mtu mkubwa kwao, lakini huko hakuna amjuaye. Kwa mtu kama huyo namba ilikuwa sarafu pekee inayopokelewa kila duka. Wako wageni waliopata 260, na namba hiyo ikazungumza mahali ambapo jina lao lisingeweza kuzungumza. Ilipoondolewa katika sehemu ya kwanza, uzito wote ukahamia sehemu ya pili, na kwa waliobaki ukahamia kwenye jina la chuo.

Hoja hiyo imetufanya tusiweze kusema, kama tulivyokusudia tulipoanza kuandika, kwamba alama zifutwe. Mizani mbovu humwibia mnunuzi; lakini mahali pasipo mizani, mnunuzi asiye na ndugu sokoni ndiye aibiwaye zaidi. Tunaloweza kusema ni dogo kuliko tulivyotaka: kwamba namba ikitumika kupanga watu, mwenye namba apewe njia ya kuibadilisha kwa juhudi, na kwamba mtu mwenye miaka sita ya kutibu asisomwe kwa siku mbili za kompyuta pekee. Mwenye nafasi kumi asome japo maombi mia kwa macho yake.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatujui methali nyingine iliyotimia waziwazi namna hii, kwani takriban robo ya madaktari wa Marekani walisomea nje. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 iliwafungulia milango, wakati ambapo hospitali za huko ziliwahitaji. Sheria ya mwaka 1976 ikatangaza kwamba upungufu umekwisha, milango ikabanwa. Tangu 1994 uko mpango unaomwachia mgeni aliyemaliza mafunzo abaki badala ya kurudi kwao kwanza, kwa sharti atumike miaka mitatu mahali penye upungufu wa waganga. Kwa maneno mengine, mgeni hupelekwa pale ambapo mwenyeji hataki kwenda. Upana wa mlango haukufuata elimu ya mgeni peke yake. Umefuata pia maumivu ya mwenyeji.

Tulipoisoma barua katika chumba cha walimu, mwenzetu mmoja, mtu mwema, alisema, "Afadhali amekosa. Atawatibu watu wa kwao." Wengine walitikisa vichwa kukubali, na kwa kitambo nasi tulikubali. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za kuzihimiza nchi tajiri zisivute waganga wa nchi zenye uhaba, na orodha yake ya mwaka 2023 ilitaja nchi 55 za kulindwa, zikiwamo Uganda, Tanzania na Burundi. Kodi ya mkulima wa Busia imo katika elimu ya daktari huyu, naye halikatai deni hilo. Katika barua yake alilitaja kabla hatujalitaja sisi.

Lakini mtu akifungiwa mlango kwa sababu isiyo ya haki, faida tunayoipata sisi haiigeuzi sababu hiyo kuwa haki. Kule hawakumkataa kwa kuihurumia Uganda. Aliye na 260 walimchukua, na wodi aliyoiacha nyuma yake haikuulizwa. Tukitaka daktari abaki, tumwajiri, tumlipe kwa wakati, tumpe nafasi ya kusomea ubingwa. Maana huku nako wako madaktari vijana wasio na ajira, na zahanati zisizo na madaktari. Kushangilia alama zake ndogo ni njia rahisi ya kupata daktari bila kumlipa.

Tuliahidi kueleza aibu yetu. Kijana huyu alizaliwa karibu na mpaka wa Kenya, akakua akibeba mizigo sokoni pamoja na mama yake. Alipofika kidato cha kwanza alikuwa akisema Kiswahili kuliko mwanafunzi yeyote wa darasa lake. Lakini kilikuwa Kiswahili cha sokoni, kisichojali ngeli, chenye "kitu yangu" na "watu ingine". Sisi tulikuwa vijana, diploma mkononi, na bidii ya kuisafisha lugha. Mwishoni mwa kidato cha pili tulitunga mtihani wa sarufi tupu: ngeli, upatanisho, nyakati. Tulimpa 41 kwa mia. Msichana aliyekariri jedwali zima la ngeli alipata 78, na tunakumbuka kwamba siku darasa lilipopelekwa sokoni kufanya mazoezi, msichana huyo alimwomba kijana wetu amsemee kwa muuza nyanya.

Shule iliamua kwamba wenye chini ya 50 wasiendelee na Kiswahili katika kidato cha tatu. Sisi ndio tuliopendekeza 50. Alikuja mlangoni kwetu akaomba arudie mtihani baada ya likizo. Tulimwambia kanuni ni kanuni. Mtihani ule ulitungwa kujua kama wanafunzi wameelewa somo la ngeli. Tuliutumia kuamua nani anakijua Kiswahili.

Tulimjibu barua yake kwa kurasa mbili. Ukurasa wa pili ulihusu Marekani: tulimshauri aangalie pia masomo ya ubingwa hapa nyumbani, na kwamba akitaka kujaribu mara ya tatu asijione msaliti. Ukurasa wa kwanza ulihusu mtihani wa mwaka 2007, na tulimwomba radhi kwa zile 41.

Alijibu baada ya wiki moja, kwa kifupi, kwani alikuwa zamu ya usiku. Kuhusu Marekani alisema maombi hupokelewa mwezi wa Septemba na bado hajaamua. Kuhusu mtihani wetu alisema haikuwa 41. Ilikuwa 39.